Kichwa cha Safu ya Tano

Theodora Mughwai aliweza kuweka kichwa cha habari katikati ya karatasi bila rula. Alianzia katikati, akairudisha taipureta hatua moja nyuma kwa kila herufi mbili, akihesabu kwa kunong'ona, ndipo akapiga. Kichwa kilikaa pale pale kinapotakiwa, na chini yake akapiga mistari miwili. Ukurasa ukijaa, alirudia vichwa vyote kwenye ukurasa wa pili, kwa sababu aliamini kuwa mtu akishika ukurasa wa pili peke yake asilazimike kubahatisha anachosoma. Kwa miaka kumi na tisa hapakuwa na orodha iliyotoka katika kile kiwanda cha kukamua alizeti, nje kidogo ya Kiomboi, bila kupita vidoleni mwake.

Mwaka tisini na nane ikaja kompyuta. Pamoja nayo akaja Scola, mtoto wa dada yake meneja, aliyesomea mambo hayo miezi mitatu Dodoma. Scola aliingia ofisini asubuhi ya kwanza akapita mbele ya Theodora kama anapita mbele ya kabati. Hakutoa shikamoo. Theodora alikuwa na umri wa kumzaa.

Siku hiyo meneja, Bwana Chediel, aliwaita wafanyakazi waje waione mashine mpya. Akamwambia Theodora akae aandike jina la kiwanda. Theodora akakaa. Kwa mazoea, midomo yake ikaanza kuhesabu herufi.

"Unafanya nini?" akauliza meneja.

"Nakitafutia kichwa katikati, Meneja."

Chediel akawageukia watu. "Jamani! Mama Gabrieli, hiyo ni kompyuta, si zizi. Ng'ombe wako umewaacha kwenu Unyaturuni."

Watu wakacheka. Walicheka hata wale ambao Theodora aliwahi kuwaandikia barua za likizo bila kudai hata asante. Scola akanyoosha mkono juu ya bega lake, akabonyeza mara moja, kichwa kikaruka katikati chenyewe. Kicheko kikaongezeka.

"Inuka mama," alisema Chediel. "Hivyo vidole ni vya kupura mtama."

Kesho yake Theodora alihamishiwa stoo kushona midomo ya magunia kwa sindano kubwa. Taipureta yake nayo ililetwa huko huko, ikawekwa chini ya bati linalovuja. Kila mvua iliponyesha aliifunika kwa gunia. Alipokuwa akiifunika alisema maneno mawili tu, kwa Kinyaturu, ambayo hayafai kuandikwa hapa.

Hakulia. Mtu akitaka kumwelewa Theodora aanze na hilo. Chuki yake aliitunza kama wanawake wanavyotunza mbegu: kavu, juu ya jiko, mbali na panya. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi, aliifanyia kazi. Kila Jumamosi alikwenda ofisi ya misheni, ambako Sista Febronia alikuwa na kompyuta ya kuorodhesha watoto wa shule ya awali, akaomba afundishwe.

Sista alimfundisha majedwali. Theodora akajifunza kukoleza herufi za vichwa, kuvitia kivuli nyuma ili vitofautiane na majina yaliyo chini, kuviamuru vijirudie juu ya kila ukurasa. Lakini kilichomkaa moyoni ni kisanduku.

"Angalia," Sista alimwambia. "Kichwa kikiwa kirefu kuliko kisanduku chake, kinamwagikia kwa jirani. Jirani akiwa mtupu, kinapita. Jirani akiwa na neno lake, kinakatwa hapo hapo."

"Maneno yaliyobaki yanafutika?"

"Hayafutiki. Yamo. Ukibonyeza kisanduku unayaona yote kule juu ya kioo. Ila karatasi haitayaonyesha. Ndiyo maana unakiamuru kichwa kijikunje ndani ya kisanduku, mistari miwili, mitatu, mpaka kienee."

Theodora alirudia somo hilo mara tano. Alilipenda. Kwa miaka kumi na tisa alijua kuwa kichwa ndicho kinachosema majina yaliyo chini yake yamefanya nini.

Mwaka uliofuata ubinafsishaji ukafika Kiomboi. Wakubwa walilitamka neno hilo wakitabasamu. Wadogo walilitamka wakiwatazama watoto wao. Kiwanda kilichojengwa kwa alizeti ya wakulima wa Iramba kilipata tajiri wa Dar es Salaam ambaye hakuwa amewahi kukanyaga hapo, naye akamwandikia meneja barua fupi: niletee jedwali la wafanyakazi wote, pamoja na pendekezo lako juu ya kila mmoja. Nani apunguzwe, nani abaki. Nitakubali utakachopendekeza.

Watu walikuwa arobaini na watatu. Kuanzia siku hiyo walimwamkia Chediel mara mbili mbili. Mzee mmoja wa mashine za kukamua, aliyeungua mkono kwa mafuta ya moto mwaka themanini na nne, alimpelekea jogoo. Jogoo akaliwa. Jina la mzee halikusogea.

Jedwali aliliandika Scola huku mjomba wake akimsomea. Mlango ulikuwa wazi, na Theodora alikuwa akipita na magunia.

"Safu ya tano iite hivi," Chediel alisema, "Anastahili Kuondolewa Katika Orodha ya Kupunguzwa. Ninayemtaka abaki, andika ndiyo. Wengine hapana."

"Ndefu mno, mjomba. Si tuseme tu Abaki?"

"Wewe! Barua ya ofisi haisemi tu abaki. Lazima isikike kwamba nimetafakari."

Hiyo ndiyo lugha ya ofisi zetu. Neno moja la kweli linazungushiwa maneno sita ya heshima, na wanaoumia ni wale walio chini ya hayo maneno.

Jumatano moja asubuhi Chediel alituma mtu stoo kumwita Theodora. Scola alikuwa amekwenda Nduguti kwenye sherehe ya kumuaga shoga yake. Basi la Singida lilikuwa linaondoka saa nne, na dereva alikubali kubeba bahasha ya tajiri.

"Mama Gabrieli, nasikia unajifunza kwa masista," alisema bila kumtazama. "Jedwali liko tayari pale kwenye kioo. Bonyeza pa kuchapa, unipe. Usiguse kitu kingine. Umenisikia? Usirembe, usipange, usihesabu ng'ombe."

"Nimesikia, Meneja."

Akatoka kwenda kugombana na dereva wa lori uani. Theodora akabonyeza. Mashine ya kuchapa ikaanza kukereza karatasi yake yenye matundu pembeni, kwa kelele kama ya jino bovu linalotobolewa. Ukurasa wa kwanza ukatoka, akauinua.

Namba. Jina. Idara. Miaka kazini. Safu ya sita iliitwa Maelezo. Na safu ya tano, iliyobanwa na jirani yake, ilisomeka hivi: ANASTAHILI KUONDOLEWA.

Akaiweka karatasi kando ya kioo. Akabonyeza kile kisanduku: maneno yote sita yalikuwemo, kule juu ya kioo, mahali ambapo Scola na mjomba wake walizoea kuyasoma. Kwenye karatasi yalikuwa mawili.

Akashuka na kidole. Chediel mwenyewe, namba moja: NDIYO. Scola: NDIYO. Antipasi wa stoo kuu, shemeji yake Chediel, aliyeuza magunia ya kiwanda akasingizia panya: NDIYO. Kumi na watatu, wote wa ukoo wa Chediel au wa meza yake. Mzee wa mkono ulioungua: HAPANA. Vijana wote wa mashine: HAPANA. Theodora Mughwai, miaka ishirini kazini: HAPANA.

Kujikunja kwa kichwa kile kulihitaji mibonyezo mitatu. Vidole vyake, vile vya kupura mtama, vilikuwa tayari juu ya vitufe. Mwandishi mzuri ndani yake alitetemeka kuona kichwa kilichokatwa shingo. Akivibonyeza, karatasi itasema alichokusudia meneja, na yeye na wenzake ishirini na wanane watakwenda nyumbani. Asipobonyeza, karatasi itasema kingine: wenye NDIYO ndio waondoke. Na alikuwa ameamriwa asiguse.

Akaviondoa vidole. Alitabasamu kwa mara ya kwanza katika chumba hicho tangu walipomcheka.

Kisha akaona NDIYO ya kumi na nne. Dorkas, mpishi wa kantini: NDIYO.

Dorkas alikuwa mjane mwenye watoto wanne. Alipewa ndiyo kwa sababu aliimba kwaya moja na mke wa meneja, basi. Hakumwonea mtu. Siku ya kicheko alikuwa jikoni, na jioni alimletea Theodora uji stoo bila kusema neno.

Theodora akautazama mlango. Uani Chediel bado anafoka. Akashuka mpaka mstari wa Dorkas, akafuta NDIYO, akaandika HAPANA. Akahifadhi. Akachapa upya. Karatasi ya kwanza akaikunja ndogo, akaitia kifuani.

Chediel aliingia anatokwa jasho. Akatazama ukurasa wa kwanza, akaona jina lake juu kabisa na NDIYO yake, akaridhika. Mtu huona anachokitegemea. Akageuza wa pili, ambao haukuwa na kichwa chochote, majina tu na ndiyo na hapana, akatia sahihi chini kwa wino wa buluu.

"Umeona? Kazi ndogo," alisema.

"Ndogo sana, Meneja."

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Chediel aliifungua bahasha akiwa amesimama, Scola kando yake, Dorkas akimimina chai. Theodora alikuwa ameitwa kuchukua hesabu ya sindano za magunia. Kwa hiyo aliona vizuri uso ukibadilika.

Tajiri alimshukuru. Aliandika kwamba katika viwanda vyote alivyonunua hajapata kuona meneja muungwana kiasi cha kujipendekeza mwenyewe wa kwanza kuondolewa, yeye na jamaa zake, ili kuwanusuru watu wa mashine. Mapendekezo yote yamekubaliwa. Wote waliowekewa ndiyo wakabidhi ofisi mwisho wa mwezi.

"Huyu hajui kusoma?" Chediel alipiga meza. "Scola! Ulimwandikia nini?"

Scola akafungua jedwali, akabonyeza. "Si hii hapa, mjomba? Iko sawa. Anastahili Kuondolewa Katika..." Tajiri alikuwa ameambatisha nakala ya jedwali alilopokea. Scola akaitazama karatasi, akatazama kioo, akatazama karatasi tena. "Imekatwa."

"Imekatwa na nani?"

"Yenyewe. Nilisahau kui..." Macho yake yakashuka. "Lakini mjomba, Dorkas nilimwandikia ndiyo. Hapa ni hapana."

Chediel hakuwa mjinga. Aligeuka polepole.

"Kumbe ulijua," alimwambia Theodora. "Ulijua karatasi inasema nini, ndiyo maana ukamtoa rafiki yako. Umeniua kwa makusudi!"

"Uliniambia nisiguse, Meneja."

"Nyamaza! Napiga simu sasa hivi. Nitamweleza."

"Mweleze," alisema Theodora. Akaenda dirishani, akalifungua wazi. Nje, vijana wa mashine walikuwa wamekaa wakisubiri chai, na mzee wa mkono ulioungua alikuwa katikati yao. "Piga tu. Lakini ongea kwa nguvu, laini ya huku mbaya. Mwambie wewe hukutaka kuondoka. Mwambie uliowataka waondoke ni hawa. Mtaje mmoja mmoja, mzee wa jogoo umtaje kwanza."

Vijana wakageuza shingo. Mmoja akasimama.

Chediel alishika mkonga wa simu, hakuuinua. Akamgeukia mpishi. "Dorkas. Wewe ni mtu wa Mungu. Utanishuhudia kwamba huyu mwanamke alichezea jedwali?"

Dorkas akafunika birika. Alikuwa ametambua polepole, mbele ya macho yao, ni nani aliyemwondoa katika njia ya panga.

"Mimi sijui hivyo visanduku vyenu," alisema. "Najua sukari. Nikutilie vijiko viwili au vitatu, Meneja?"

Nje mtu alicheka, kisha wengine, na safari hii Theodora hakuwa anayechekwa.

Simu haikupigwa. Tajiri aliagiza jedwali lingine, la wanaoondoka, nao walitie sahihi. Aliyebaki wa kuliandika alikuwa mmoja tu. Theodora alikaa mbele ya kompyuta mchana kutwa. Vichwa alivikoleza, akavitia kivuli, akavikunja vikaenea, akaviamuru vijirudie kila ukurasa. Hakuna herufi iliyokatwa. Safu ya mwisho aliiita SABABU YA KUONDOKA. Kwa watu kumi na wawili aliandika: Kupunguzwa. Kwa namba moja aliandika neno alilolitoa katika barua ya tajiri mwenyewe: ALIJIPENDEKEZA.

Kila Mswahili anajua neno hilo lina sura mbili, na hakuna mtu Kiomboi aliyemkumbuka Chediel akijikomba kwa wakubwa ambaye hakujua ni sura ipi inayosomwa.

Chediel alilisoma. Akalisoma tena.

"Badilisha hilo neno, Mama Gabrieli," alisema kwa sauti ya chini. "Nakuomba."

"Ni la tajiri, si langu. Tena linaenea vizuri kwenye kisanduku." Akamsogezea kalamu. "Sahihi yako hapo kando."

Kwenye korido watu ishirini na tisa waliobaki kazini walikuwa wamejipanga, na kila mmoja alishalisoma neno hilo. Chediel akainama, akatia sahihi.