Kwenda, Kuchukua na Kurudi Nacho

Juzi mwanangu aliniuliza neno "fetch" maana yake nini. Nikacheka peke yangu, maana neno hilo mimi nililisoma kwa miguu, kule Matombo.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mwembamba, mkali, na mpenda vya bure. "Fetch water!" anasema, nasi mbio mtoni na ndoo. "Fetch firewood!" tunapanda mlimani kuokota kuni. Mwaka ule pipa lake halikukauka hata siku moja. Lakini kufundisha alijua. Siku moja niliteleza njiani, nikamrudia na ndoo tupu. Akanitazama weee, kisha akasema, "Kwenda, kuchukua, kurudi nacho. Ukirudi mikono mitupu, umetembea tu."

Maneno yale yaliniingia kuliko alivyodhani. Baba alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani Morogoro mjini, enzi zile viwanda vinauzwa. Mama akanipeleka kwa bibi, huko huko Matombo, yeye akarudi mjini kuuza mitumba. "Mambo yakikaa sawa nitakuja kukuchukua," aliniambia. Basi kila gari lililopanda kutoka mjini nililitazama hadi abiria wa mwisho ashuke.

Bibi hakunipa nafasi ya kulia sana. Asubuhi magimbi ya moto, mchana kugeuza mdalasini juani, jioni kukoka moto huku ananitania kwa Kiluguru. Nikamzoea, tena nikampenda mno. Mama alipokuja hatimaye, nilijificha kwenye migomba. Nilimtaka mama, na bibi sikutaka kumwacha. Bibi mwenyewe ndiye aliyenitoa.

"Nenda, mjukuu wangu. Ukikua utakuja kunifuata."

Nilikua, nikaenda, na gari la kukodi kabisa.

"Shikamoo bibi. Nimekuja kukuchukua."

"Marahaba. Kwani mimi hapa nimeachwa na nani?" Akacheka hadi machozi. Akanichemshia magimbi, akanipakilia mkungu wa ndizi, akanisindikiza hadi barabarani. Sikumwona tena.

Siku hizi bomba limefika pale, na njia ya mtoni imemezwa na majani. Nyumba ya bibi imeanguka, imebaki migomba.

Mwanangu alikuwa bado anangoja, kalamu mkononi. Nikamwambia ni kwenda, kuchukua, na kurudi nacho. Akaandika. Sikumwambia kwamba siku ile, kwa bibi, mimi nilitembea tu.