Mpira Haujafa

Harufu ya mafuta ya alizeti kwenye ubao mkavu hunijia kabla ya kitu kingine chochote ninapoukumbuka mwaka ule. Kitabu cha sheria za kriketi alichokuwa nacho Mwalimu Juma kilishauri kibao cha kupigia mpira kipakwe mafuta ya kitani ili kisipasuke. Dodoma hatukuwa na kitani, ila alizeti ilikuwepo kila nyumba. Basi kila Ijumaa, baada ya vipindi, wasichana kumi na watatu tuliketi barazani kwa darasa la saba na vitambaa vyetu, tukasugua vibao vinne vilivyochongwa na fundi wa mizinga ya nyuki kutoka Kondoa. Upepo wa kiangazi ulileta vumbi jekundu, vumbi likanata kwenye mafuta, nasi tukasugua tena. Mtama ulikuwa umeshavunwa, na mashamba ya Ipagala, ambako leo kuna nyumba za ghorofa, yalikuwa na mabua matupu yaliyokuwa yakilia yakigusana.

Mwalimu Juma alikuwa Mrangi, mwembamba, mwenye subira. Kriketi alijifunza ujanani kwa kuwaokotea mipira vijana wa wenye maduka mjini, kisha akaisoma katika kitabu hicho kisicho na jalada. Alikitafsiri aya kwa aya kwenye daftari, kwa kuwa aliamini kwamba mtoto hawezi kutii sheria asiyoielewa. Tafsiri zake hazikukosa matatizo. Mwanzoni vibao vyetu aliviita magongo. Wiki ya pili mama mmoja alifika shuleni akiwa amejifunga kanga kiunoni, akamuuliza mwalimu mkuu ni shule gani hii inayowafundisha mabinti kushika gongo, maana kwetu gongo ni pombe ya kienyeji inayopikwa kwa kificho. Tangu siku hiyo tukasema vibao. Neno jingine alilolichagua ni kizingiti. Mbele ya vijiti vitatu vya wiketi kuna mstari mweupe, na mpigaji akiwa nyuma ya mstari huo yuko salama. Akiutoka mpira ukiwa bado unachezwa, wapinzani wanaweza kuviangusha vile vipande viwili vidogo vilivyolazwa juu ya vijiti, naye anatolewa. Mwalimu alitueleza kwamba ni kama kuwa nyumbani: ukiwa ndani ya kizingiti chako hakuna wa kukugusa. Tulilielewa neno hilo mara moja. Baadaye ilionekana kwamba tulilielewa kupita kiasi.

Uwanja wetu ulikuwa na njia. Kabla ya kuwa uwanja ulikuwa pori la miiba, na watu wa upande wa reli walikuwa wameshazoea kukatiza hapo kwenda sokoni. Hakuna aliyeona sababu ya kuzunguka kwa ajili ya watoto wenye vibao. Njia ilipita pembeni mwa uwanja, hatua kama ishirini kutoka kwenye wiketi ya upande wa mashariki. Kila mtu mzima alipotokea tulisimama, wa karibu wakamwendea, wakapiga goti kidogo na kumwamkia, wakampokea mzigo kama anao na kumvusha hadi ng'ambo. Mwalimu aliliwekea jambo hili sheria yake mwenyewe: mzee akikanyaga uwanja, mpira umekufa, yaani mchezo umesimama. Kwa miezi yote ya mazoezi tulicheza hivyo, tukadhani ndivyo kriketi inavyochezwa duniani kote. Heshima si utumwa, alisema, na sisi hatukuona ubishi wowote kati ya heshima na mchezo.

Aliyeuona ubishi huo ni baba. Baba alikuwa mlinzi wa geti la reli, pale barabara ya vumbi inapokatiza njia ya treni. Kazi yake ilikuwa kufunga geti kabla treni haijafika, kusimama na bendera ya kijani, na kulifungua likishapita behewa la mwisho. Alikuwa mtu wa maneno machache na saa kamili. Alinipa jina la mama yake, Yudithi, na kwa hiyo aliniita mama tangu nilipozaliwa. Mwalimu alipokuja nyumbani kueleza kwamba timu tatu za wasichana wa chini ya miaka kumi na tano zingekuja kutoka nchi jirani, kwamba wenyeji wameruhusiwa kuingiza timu ya nne, na kwamba mimi nilikuwa kwenye orodha, baba alimsikiliza hadi mwisho. Aliuliza kuhusu suruali ambazo Mwalimu angetugawia. Aliuliza kama ni kweli wachezaji humpigia kelele mwamuzi, mtu mzima. Mwalimu akakiri kwamba huuliza kwa sauti kubwa, ndiyo desturi ya mchezo. Mwalimu alipokwisha kuondoka, baba aliniambia, "Cheza, mama. Lakini siku nitakayoona mchezo huu umekutoa adabu, siku hiyohiyo utamrudishia Mwalimu suruali yake." Nilijua hatanii. Kwa miezi mitatu nilimwamkia kila mtu, hata vijana wa sekondari, wakanicheka.

Wageni walifika kwa basi mwanzoni mwa likizo, wakalala kwenye mabweni ya shule iliyokuwa imefungwa. Tulikula pamoja ugali wa uwele na samaki wa Mtera, na siku ya kwanza wapishi wakawapa mlenda, mboga yetu ya kuteleza. Msichana mmoja wa Uganda, mrefu, aliyekuwa mrushaji wao mkuu, aliuinua kwa vidole, ukamfuata kama kamba, akauinua tena, ukamfuata tena, akamuuliza rafiki yangu Tabu, "Huu unaishia wapi?" Tabu alikuwa Mrangi wa Kolo aliyekaa kwa shangazi yake Ipagala, na hakuwahi kukosa jibu. "Hauishii," alisema. "Mwenzako alianza juzi, bado anavuta." Tukacheka hadi mpishi akaja kuuliza kulikoni. Sikuwa nimewahi kukaa meza moja na mtu wa nchi nyingine, na nakumbuka nilivyoshangaa kwamba walicheka mahali palepale tulipocheka sisi.

Kwa ajili ya mashindano waamuzi waliagiza njia ifungwe. Ikavutwa kamba ya katani, na viranja wawili wakasimama kuwaelekeza wapita njia wazunguke. Siku ya kwanza mambo yalikwenda sawa. Siku ya pili tulicheza na Uganda. Walitangulia kupiga, sisi tukafuata, na kufika saa tisa alasiri tulihitaji mbio tisa tu, yaani pointi tisa, ili tushinde, lakini tulibakiwa na wapigaji watatu: mimi na Tabu uwanjani, na mdogo wetu mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake. Nilisukuma mpira upande wa kushoto, tukakimbia mara mbili, zikabaki saba. Nikasimama kizingitini kwangu upande wa magharibi, Tabu kwake upande wa mashariki. Mpira ulirushwa kutoka mbali hadi kwa yule msichana mrefu, akaudaka na kuanza kuupangusa kwenye suruali yake huku akitembea taratibu.

Hapo ndipo nilipomwona baba. Alikuwa ametoka kazini, bado na sare ya reli, mkoba begani na bendera imekunjwa kwapani. Viranja walipomwona mtu mzima mwenye sare walimwinulia kamba. Akaingia, akafika nyuma ya wiketi ya Tabu, akasimama njiani akinitazama. Hakuwahi kuja kuniona nikicheza. Nilijua amekuja kuona kile alichosema ataona.

Mguu wangu uliinuka. Naandika hivi kwa sababu nataka kuwa mkweli: uliinuka wenyewe, kabla sijafikiri. Mgeni hupokelewa nje ya kizingiti. Hakuna mtoto Dodoma anayebaki ndani baba yake amesimama uani. Kisha niliona mpira mikononi mwa yule msichana, nikamwona mwamuzi ametazama upande mwingine, na nikajua kwamba hajamwona baba wala hajasimamisha mchezo. Nikaurudisha mguu. Tabu aligeuka akamwona, kisha akanitazama.

"Yudi, baba yako huyo."

"Namwona."

"Si uende?"

"Mpira haujafa."

"Mpira?" alisema Tabu, kama mtu aliyetajiwa ugonjwa asioujua. "Yudi, huyo ni baba yako."

Baba alikuwa bado ananitazama. Nadhani Tabu aliona kwamba mmoja wetu hana budi kwenda, na kama si mtoto wa mwenyewe basi ni rafiki wa mtoto. Akakibana kibao kwapani, akatembea hadi njiani, akapiga goti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Mnaendeleaje?"

Kabla hajajibu, yule msichana mrefu alikuwa ameshakigusa kijiti kimoja cha wiketi ya Tabu kwa mpira, vile vipande viwili vikadondoka, na wageni wote wakamgeukia mwamuzi wakiuliza kwa sauti kubwa. Mwamuzi akageuka, akamwona mpigaji nje ya mstari wake, akainua kidole. Hakukosea. Sheria aliyoijua ilisema hivyo, na yule msichana pia alicheza kwa haki. Mwalimu Juma alijifunika uso kwa daftari lake. Mwamuzi alimwomba baba arudi nyuma ya kamba. Baba akaitikia kwa kichwa, akarudi, akaketi kwenye jiwe bila kunitazama tena. Mdogo wetu akaingia. Nilipata mbio nne katika dakika zilizofuata, yeye akapata moja, kisha wiketi yake ikaangushwa. Tulishindwa, mbio mbili zikiwa zimebaki. Mimi sikutolewa, na sikuwahi kujisikia nimetolewa kuliko siku ile.

Pembeni, Tabu alikuwa tayari amegeuza aibu kuwa kichekesho. "Andika, Mwalimu," alisema. "Kwenye safu ya alivyotolewa, andika: kwa adabu." Yule msichana wa Uganda alikuja kumshika mkono, na alipoelezwa kilichotokea aliziba mdomo kwa kiganja, akasema kwao wangepiga magoti yote mawili. Mwalimu alisema kosa ni lake. "Ningeuita mstari tu," alisema, "Tabu angebaki."

Baba alisukuma baiskeli aliyokuwa ameiacha nje ya kamba, nami nikatembea nyuma yake hadi nyumbani. Mshika mawili moja humponyoka, na nilikuwa nimeshakubali kwamba mechi imeniponyoka na baba ameniponyoka, yote mawili. Nilikuwa nimevaa sketi yangu ya shule; suruali nilikuwa nimeivua, nimeikunja vizuri na kuishika mkononi, ili nisiambiwe. Tulipofika uani aliegemeza baiskeli, akaketi kwenye kigoda.

"Kwa nini hukuja?"

"Mpira ulikuwa haujafa, baba."

"Nani anasema umekufa?"

"Mwamuzi."

"Na kama ungekuja?"

"Ningetolewa. Kama Tabu."

Aliikunjua bendera na kuikunja upya, kama alivyofanya kila siku. "Mwaka wangu wa kwanza getini," alisema, "bibi yako alitoka kijijini kwa miguu na beseni la karanga kichwani. Akafika kwangu treni iko daraja la pili. Nimeshika bendera. Akasimama mbele yangu, akangoja. Sikumwamkia, sikumtua beseni. Treni ikapita, mabehewa ishirini na mawili. Nilipomgeukia ameshaondoka." Akatikisa kichwa. "Alininunia hadi mavuno. Alimwambia kila mtu mwanawe amekuwa Mzungu. Nilimweleza, mtu wa zamu hana shikamoo. Hakunielewa hadi anakufa."

Baba alinyoosha mkono akaigusa ile suruali iliyokunjwa, akauondoa mkono.

"Yule rafiki yako Mrangi ana moyo mzuri," alisema. "Salamu yake nimeipokea. Lakini ameacha geti wazi." Kisha akasema, "Sasa treni imepita. Shikamoo yangu iko wapi, mama?"

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kesho mnaanza saa ngapi?"

Kwa kipimo cha mashindano sina la kujivunia. Tulishika nafasi ya tatu kati ya timu nne, wageni wakaondoka, na baada ya miaka miwili Mwalimu alihamishwa na timu ikavunjika. Mimi sikuendelea na masomo baada ya darasa la saba. Nilichokijua baadaye nilikipata kwa kusoma mwenyewe, kitabu kimoja hadi kimalizike ndipo kingine. Lakini tabia ya kuuliza ni nani hasa anayesema jambo limekwisha, na kutoondoka mahali pangu kabla hajasema, naihesabu kuwa elimu niliyoipata uwanjani na getini, na imenifaa kuliko vyeti ambavyo sinavyo.

Binti yangu ana miaka kumi na minne, na anacheza kriketi. Sasa kuna nyasi za kweli, vibao vya dukani, na mashindano ya vijana yanayoleta timu kutoka nchi ambazo nazijua kwa ramani tu. Wiki iliyopita shule ilinitumia fomu ya ridhaa ya mzazi kwenye simu. Nilikuwa kwenye foleni ya hospitali; nikaisoma, nikaandika jina langu, nikairudisha kabla foleni haijasogea. Binti yangu hakuwahi kuwaza kwamba ningeweza kukataa, na hilo nalihesabu kuwa faida kubwa; nisingependa atembee nyuma yangu na suruali mkononi. Ila baba alichukua miezi mitatu kuridhia kabisa, akaja mwenyewe, akakaa juu ya jiwe hadi mwisho, na alipoiridhia kriketi alikuwa anajua kwa uhakika anaridhia nini. Mimi nimeruhusu jambo ambalo bado sijaliona. Jumamosi nitafunga duka langu mapema, niende uwanjani.