Kivinjari Kipya kwa Tonton Assumani

Mwanangu Mariamu, ipo siku moja ninayoikumbuka vizuri kuliko hata siku ya arusi yangu. Ilikuwa Jumatatu ya kawaida, hakuna nguo mpya wala biriani, na watu walikuwa wamekasirika kwa sababu ya kompyuta. Kaa hapo karibu na dirisha nikusimulie. Chai iko kwenye chupa. Sukari ujitilie mwenyewe, maana nikikutilia mimi utasema nimezidisha.

Jana ulikuja hapa na macho mekundu, ukasema watoto aliowaacha marehemu mke wa kwanza wa mume wako hawakupendi. Ukasema kila chakula unachowapikia wanakitazama tu, halafu yule mkubwa anasema, mama alikuwa anafanya hivi, mama alikuwa anafanya vile. Nilikusikia. Sikukujibu kwa sababu mtu anayelia hasikii vizuri, nami sipendi kurudia maneno. Leo nakujibu, ila jibu langu linapitia kwanza kwenye cyber ya mjomba wangu, kwa hiyo uwe na subira.

Wakati ule nilikuwa msichana, mdogo kidogo kuliko ulivyo wewe sasa. Baba alikuwa amefariki, na Tonton Assumani, kaka yake mama, ndiye aliyenilea na ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu yangu. Babu zake waliuza vitambaa katika mji huu tangu enzi za misafara. Yeye pia aliuza vitambaa, mpaka siku alipoona vijana wanapita mbele ya duka lake bila kugeuza shingo, wanakimbilia mtandaoni. Akamaliza mali yake, akanunua kompyuta za mtumba, akafungua cyber pale pale dukani, hapa mtaa wa Makiso. Rafu za vitambaa hakuzitoa hata zilipobaki tupu, alisema zinamtuliza moyo. Mimi nilikaa mlangoni, kazi yangu kuwapokea watu, kuwapa mashine na kuwaambia muda umekwisha. Nilikuwa mkali, usicheke.

Mashine zile zilikuwa na kivinjari kimoja cha zamani, ule mlango wa kuingilia mtandaoni ambao sisi wote tuliuita navigateur. Picha yake ilikaa pembeni ya kioo na kila mtu aliijua. Wateja wetu wengi hawakujua anwani ya ukurasa wowote duniani. Walijua mahali tu. Bonyeza hapa, shuka kidogo, bonyeza pale, barua za mtoto wako ndizo hizo. Hata maneno yao ya siri kivinjari kiliyakumbuka kwa niaba yao. Leo ukiwaambia vijana habari hiyo wanashika kichwa, lakini ndivyo tulivyoishi, na barua zilifika.

Halafu kulikuwa na Feruzi. Unamjua, ndiye huyo anayekohoa chumba cha pili akijifanya hasikilizi. Wakati ule alikuwa kijana mwembamba wa mtaa wa Simi-Simi, fundi wa kompyuta, shati limechomekwa vizuri na mdomo haupumziki. Nilimpenda, nasema wazi. Nilimpenda mpaka wateja wakawa wanapitisha muda wao nami sina habari. Alikuwa ameshamtuma shangazi yake kubisha hodi kwa Tonton, kama inavyotakiwa. Tonton hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tu, "Bon, ninamuangalia." Wewe umeolewa juzi, unajua neno kama hilo linavyomtesa msichana anayesubiri. 

Basi kile kivinjari kikaanza kuchoka. Kurasa zikawa zinafunguka nusu, nyingine zikikataa kabisa na kuandika kwamba mlango wetu umepitwa na wakati. Feruzi akaona hapo ndipo pa kujionyesha.

"Tonton, hii navigateur imezeeka," alisema. "Nitaweka mupya. Kila kitu mutu atabonyeza, itafungukia mule."

Tonton akakubali. Jumapili, cyber ikiwa imefungwa, Feruzi akaweka kivinjari kipya kwenye mashine zote, akakifanya ndicho kinachofunguka chenyewe, na ile picha ya zamani akaiondoa mbele ya macho ya watu. Akaondoka anapiga mluzi. Kichwani mwake alikuwa ameshanioa.

Jumatatu watu wakaja na maoni yao. Wa kwanza walikuwa wanafunzi wa chuo, na hao walifurahi. "Eh, iko mbio! Tazama, page mingi ndani ya dirisha moja!" Feruzi alikuwa amesimama karibu na feni, anatabasamu hadi masikioni. Kisha akaingia Mwalimu Botuli, aliyefundisha jiografia. Akasema ni kizuri, mais, yaani lakini, herufi zake ni ndogo, na ule ukurasa wake wa habari uliokuwa unafunguka wenyewe umepelekwa wapi? "Mwalimu, utazoea," Feruzi akamjibu. Akaja mama mmoja wa kwaya ya parokia. Yeye hakuwa na ugomvi na kivinjari, ila kilimchosha kwa maswali. "Kila mara inaniuliza, unataka nikumbuke? Unataka nikumbuke? Mama yangu, ukumbuke nini?" Feruzi akamwambia naye atazoea. Akaja kijana wa kule kwenye maporomoko, wa familia za wavuvi, aliyekuwa akiandikiana na wanunuzi wa samaki Kinshasa. Akasema rangi zinapendeza, "mais ninabonyeza mahali pa zamani, ninaangukia mahali sijui." Na yeye aliambiwa kitu hiki ni bora, utazoea.

Mimi pale mlangoni nilikuwa namtazama Tonton. Alikuwa kwenye kiti chake na kikombe cha chai, na kila aliposikia utazoea, alikiweka kikombe chini bila kunywa. 

Ndipo akafika Mama Anifa. Huyu alikuwa mama wa kijiji cha Bengamisa, mwuza mchele, akija mjini na pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Mtoto wake wa pekee, Yusufu, alikuwa anasoma Lubumbashi. Kabla ya kuondoka, Yusufu alimpangia mama yake kila kitu kwenye mashine ile ya dirishani na kumfundisha kwa kidole. Mama Anifa alikuwa anamaliza kuuza, ananawa uso, anakuja kusoma barua ya mwanawe polepole, midomo ikicheza. Safari zote zile sikumwona hata mara moja akifungua kitu kingine.

Siku ile alikaa, akapeleka kidole palipokuwa na ile picha. Hapakuwa na kitu. Akajaribu pembeni, akajaribu chini. Akageukia mlangoni, akaniita nije.

"Zaina, kuya. Mashine imemupoteza mutoto yangu."

Nikamwita Feruzi, akaja mbio, akainama juu ya bega la mama wa watu. "Mama, usiogope. Hii mupya iko bora kuliko ile. Iko mbio, iko na sécurité, hata virusi—"

"Yusufu iko wapi?"

"Andika tu neno yako ya siri."

"Siri gani? Mimi sina siri na mutu."

Watu wakacheka, na Feruzi akacheka nao. Mama Anifa hakucheka. Alivuta mtandio wake akafunika uso, na mabega yakaanza kutikisika.

Tonton akasimama. Alikuwa mtu mrefu, na akisimama kati ya zile rafu tupu ulidhani duka limepungua.

"Feruzi. Mama alikuuliza kama hii kitu iko bora?"

"Hapana, Tonton."

"Alikuuliza nini?"

Feruzi akageukia kioo cha mashine.

"Alikuuliza mutoto yake iko wapi. Basi mujibu." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Wewe unataka kuoa kwetu, donc sikia vile tunafanya kwetu. Mwanamuke akiingia kwenye nyumba ya watu, chakula cha kwanza anapikia ndani ya sufuria yenye alikuta. Yake, hata ikiwa inang'aa namna gani, anaiacha kwa mulango. Watu wanakula, wanamuona, wanamuzoea. Siku moja wao wenyewe wanasema, bon, leta yako. Wewe uliingia, ukatupa sufuria ya watu. Alors, unashangaa nini kama hawakuli?"

Desturi ile niliijua tangu utoto. Mama yangu alipikia sufuria ya mama mkwe wake mpaka masika yakapita, na yake mpya ikakaa mlangoni watoto wakiipigia ngoma. Ila sikuwahi kufikiri kwamba ingeingia kwenye kompyuta, na sikufikiri ingekuja kunivunjia arusi. Maana niliamini imevunjika. Kijana kugombezwa na mjomba wa msichana, mbele ya wanafunzi, kwa kazi anayoijua kuliko wote waliomo? Wengi wangeokota mfuko wao na kwenda. Na nikuambie, mwanangu, Feruzi alikuwa na haki. Kile cha zamani kilikuwa kinakufa kweli, na kipya kilikuwa bora kweli.

Lakini hakujitetea. Alivuta kigoda, akakaa chini kuliko Mama Anifa, akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, "Mama, unisamehe. Nionyeshe vile ulikuwa unafanya."

Akamwonyesha kwa kidole juu ya kioo. Hapa, halafu hapa, halafu Yusufu. Kumbe Feruzi hakuwa amekifuta kile cha zamani, alikificha tu. Akakirudisha, picha ikakaa pale pale. Mama Anifa akabonyeza. Tukangoja sote kama tulivyozoea kungoja, ukurasa ukishuka taratibu kutoka juu, na barua za Yusufu zikatokea, na mpya moja ndani yake. Akasoma. Akaweka kiganja kwenye kioo kana kwamba ni shavu la mtu.

"Amepita mutihani," alisema. Akaanza kulia upya, ila kilio hicho kilikuwa kizuri, hata wanafunzi walipiga makofi.

Baada ya hapo Feruzi alizunguka mashine moja baada ya nyingine, akimuuliza kila mtu alikuwa akifanyaje. Mwalimu alikuziwa herufi na kurudishiwa ukurasa wake wa habari. Mama wa kwaya alielezwa ni nini hasa kinachotaka kukumbukwa, na maswali yakanyamazishwa. Barua za Yusufu alizihamishia pia kwenye kile kipya, akamwambia mwenyewe kwamba ziko na huko, na hakumsukuma. Kila kioo kikawa na picha mbili zimekaa jirani, ya zamani na mpya. Neno utazoea sikulisikia tena mdomoni mwake, na hata leo sijalisikia.

 Nikimtazama Tonton, ananiambia, "Ninamuangalia." Kiangazi kikaja, kikaondoka.

Siku moja Mama Anifa akafika kama kawaida, akabonyeza ile picha ya zamani, akangoja. Mwanafunzi jirani yake akaja, akasoma zake, akacheka zake, akaondoka, na mama bado anangoja. Akatoa sauti kwa ulimi.

"Zaina, kuya. Hii ingine, Yusufu iko mule pia?"

"Iko, mama."

"Na hamukuniambia?"

"Feruzi alikuambia, mama."

Akafikiri kidogo. "Ndiyo, aliniambia. Mais sikukuwa tayari." Akajiweka sawa kwenye kiti. "Bon. Leta hiyo."

Akabonyeza mwenyewe, na barua ikafunguka kabla hajashusha kidole. Akashtuka, kisha akacheka mpaka akajishika tumbo. Tonton akanywa chai yake yote. Akatazama chini ya meza, Feruzi alipokuwa amepiga magoti kwenye nyaya, akasema, "Wewe, toka huko chini. Jumamosi hii, siku ya posho, uniletee wazee wako."

Feruzi aliinuka kwa haraka mno, meza ikampata utosini. Alama iko mpaka leo. Ukimuuliza atakuambia ni ya mpira.

Sasa sikiliza, mwanangu, hapa ndipo nilipokuwa nakuja. Lituma yako, zile ndizi za kuponda, nimeila, ni tamu. Nyumba umeisafisha, mume wako ameanza kucheka tena, na mimi nakupenda kama niliyekuzaa. Hakuna anayesema wewe si mzuri. Ila nilipokuja kuwatembelea niliona sufuria zako mpya zimepangwa jikoni, na ile nyeusi ya marehemu nikaikuta nyuma ya nyumba, kuku wanainywea maji. Najua hukufanya kwa ubaya. Uliona ni sufuria nzee, basi. Lakini yule mtoto mkubwa anaipita kila asubuhi akienda shule.

Anaposema mama alikuwa anafanya hivi, hakuulizi kama wewe ni bora. Anauliza mama yake yuko wapi. Swali hilo hakuna fundi anayeliweza, hata huyu anayekohoa. Kwa hiyo usijitetee, na usimwambie atazoea. Kaa chini, chini kuliko yeye, umwambie akuonyeshe mama yake alivyokuwa anafanya, na ufanye hivyo hivyo, hata kama njia yako ni fupi zaidi. Akikuonyesha, ameshakufungulia mlango. Vyako vizuri visitupwe, viache karibu, wavione kila siku.

Maliza chai uende, jua halijawa kali. Iokote ile sufuria, uisugue kwa majivu, upikie humo leo. Mungu aupe mkono wako utamu, aipe roho yako upana wa mto huu wa mji wetu, na akuweke hai na mwenye afya mpaka siku ile mtoto yule atakaposimama kwenye mlango wa jikoni, bila kutumwa na mtu, akuambie, "Mama, leta yako."