Mkamwana Aliyesamehewa Cheti

Tulinagwe hajawahi kuogopa kinyesi cha mtu, wala mate, wala matusi ya mgonjwa aliyechoka kulala. Kitu pekee alichokiogopa maisha yake yote ni darasa. Aliishia la saba, na hata hilo la saba, husema mwenyewe huku akicheka, alilimaliza kwa sababu walimu walikuwa wamechoka kumwona.

Kwa hiyo siku Nelson alipopanda kijijini Matwebe na pikipiki, kalowa chapachapa, akawaita wahudumu wa wagonjwa wa majumbani na kuwatangazia kwamba shirika lao halitamtuma tena mtu asiye na cheti, Tulinagwe alijisogeza nyuma ya wenzake. Nelson ni kijana mwema, tusimwonee. Kakulia Dodoma, kaletwa huku kusimamia huduma, na anapenda kanuni kama wenzake wanavyopenda mpira. Akafafanua kwamba wenye uzoefu mrefu wamesamehewa kidato cha nne. Mafunzo ya wiki sita pale Tukuyu, kila siku asubuhi hadi jioni, hayo hakusamehewa mtu. Asiyehudhuria, nafasi yake anapewa mwingine.

"Sasa mzee wangu nimwachie nani, mwanangu?" aliuliza Tulinagwe.

Mzee wake ni Andongwisye, mgane, mzee wa kanisa aliyekuwa na sauti ya kuamsha kijiji kizima kabla kiharusi hakijamwangusha katikati ya michai yake shambani. Hujafa hujaumbika. Tangu hapo ni Tulinagwe anayemgeuza asipate vidonda, anayemwogesha, anayemlisha, na anayemnunia akikataa uji. Wamezoeana hata kununiana kwenyewe kumekuwa maongezi. Mwana wa mzee, Ackson, ni dereva wa malori, hukaa njiani zaidi kuliko nyumbani. Anayebaki pale ni mkewe, Jenifer.

Nelson alipoambiwa habari za Jenifer uso ukamng'aa. "Basi mama, kwisha! Ndugu wa mgonjwa hadaiwi cheti wala mafunzo. Kasamehewa kabisa. Huyo mkamwana atamhudumia mpaka utakaporudi jioni."

Kina mama waliangua kicheko mpaka mmoja akashika nguzo ya baraza asianguke. Nelson wa watu akabaki anawatazama, hajui kakosea wapi.

Kwa desturi ya Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso, seuze kugusana. Siku hizi wengi wameiacha. Vijana wanashikana mikono na wakwe zao mlangoni mwa kanisa na hakuna aliyekatika mkono. Lakini Mzee Andongwisye ni wa mbegu ya zamani, na Jenifer ana adabu zake. Tangu aolewe, akisikia kikohozi cha mzee njiani alijitosa migombani na ndoo yake kichwani. Hata sasa mzee hajiwezi, Jenifer anapika mbalaga yake nzuri ya ndizi, anaiweka kizingitini, anageuka, na Tulinagwe anaipokea. Kwa hiyo katika Rungwe nzima, sheria ilikuwa imemsamehe mtu mmoja tu ambaye hawezi kuingia chumba kile.

Tulinagwe akakata shauri haendi. Alijua fika kwamba asipokwenda, ataletwa mgeni mwenye cheti, naye atanyang'anywa mzee wake. Lakini amwache alale kwenye mkojo kutwa nzima, wiki sita? Bora afukuzwe. Akamwambia mzee hivyohivyo, huku akimkausha mgongo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Maneno ya mzee tangu augue hutoka kwa kuvutwa, moja moja.

"Nenda kasome, mwanangu."

"Na nani atakugeuza, Tata?"

Mzee akautazama ukuta. "Yule... akohoe kwanza. Mlangoni. Mimi nitafumba macho."

Tulinagwe alitoka nje akaegemea ukuta wa jiko, akacheka na kulia kwa pamoja. Kisha akamwelekeza Jenifer: namna ya kumshika begani na nyongani, na maji yawe vuguvugu kiasi gani. Jenifer alirudiarudia kila neno utadhani yeye ndiye anakwenda kwenye mtihani.

Siku ya kwanza ya mafunzo Tulinagwe hakuelewa neno. Mwalimu aliongea, yeye mawazoni akamwona mzee kaanguka chini. Jioni akashuka kwenye bodaboda kabla haijasimama vizuri, akapita migombani mbio, mkoba begani. Mlango wa chumba ulikuwa wazi nusu. Akachungulia.

Mzee kaogeshwa, kaegemezwa mito, macho kayafumba kwa kukaza kama mtoto anayeigiza usingizi. Mbele yake Jenifer, kitenge kimeshuka mpaka kwenye nyusi, naye kafumba ya kwake! Kijiko kinatafuta mdomo kwa kubahatisha. Uji ulikuwa kwenye kidevu, kwenye shingo, na mwingine sikioni.

Tulinagwe aliinua mguu aingie kuwasaidia. Kijiko kikagonga pua ya mzee.

Mzee Andongwisye akafumbua macho. Hakuyafumba tena. Alimtazama yule mwanamke aliyempikia miaka yote hiyo, akamtazama kwa muda mrefu, na lile jicho lake ambalo kiharusi hakikuligusa likajaa machozi.

"Kumbe ndiye wewe," akasema. "Ndaga, asante, mwanangu. Fumbua macho, utaniua kwa uji."

Jenifer akafumbua.

Wivu ulimchoma Tulinagwe pale mlangoni, wivu wa kweli, usio na haya, na furaha ikaja nyuma yake kubwa kuliko wivu. Akaurudisha mguu wake taratibu. Alikwenda kuketi jikoni peke yake, akavua viatu, na kwa mara ya kwanza siku ile akajaribu kukumbuka mwalimu alikuwa amesema nini.