Ukanda wa Plau Kizimbani

Siku yangu ya kwanza kazini, Hakimu Mfawidhi, yaani mkuu wa mahakimu wa kituo, alinipokea bila hata kuniambia nikae. "Hapa hutafsiri unachokipenda," alisema. "Mtu akitukana, tafsiri tusi. Ukitia chumvi, nakurudisha Misungwi ukachunge." Nikaapishwa, maana mkalimani wa mahakama huapa kama shahidi. Nilikuwa na kiburi cha Kiingereza, nikadhani kazi yenyewe ni maneno tu.

Nilitumikia Magu, nikapelekwa Musoma, nikarudishwa Mwanza. Ninyi wakalimani vijana mmekuta sheria inazungumza Kiswahili, ndiyo maana mnatafsiri kwa mkato na kutazama simu. Enzi zetu hukumu iliandikwa kwa Kiingereza, na mtu aliweza kwenda gerezani bila kujua amesemwa nini. Sitawachosha na kesi zote. Ninayo moja.

Masanja, mkulima wa kule Usagara, alishtakiwa kwa kujaribu kuchoma zizi la jirani yake, ambaye ng'ombe wake walikuwa wamemaliza mtama wa Masanja. Alikamatwa njiani na kiberiti mfukoni, na ua wa zizi ulikutwa unanuka mafuta ya taa. Zizi lenyewe halikuungua. Wakili hakuwa naye. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, kwa hiyo nilisimama kando ya kizimba nikimtafsiria kwa Kisukuma. Mama yake alikaa benchi la mbele, na wote tulijua kwamba kosa lile lina kifungo kirefu.

Mwendesha mashtaka akasimama. "Mheshimiwa, kosa hili ni inchoate. Halikutimia, lakini ni kosa."

Neno lile lilinikwama. Kusema "kosa nusu" kungekuwa uongo, na kunyamaza kungekuwa uongo mkubwa zaidi. Nikaomba Mahakama inifafanulie. Hakimu wetu wakati huo alikuwa mama wa Bukoba, mkali, mpenda asili ya maneno. Alivua miwani.

"Mkalimani, kwenu mnalima kwa ng'ombe?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Basi neno hili ni la shambani. Wasomi wanasema limetoka kwa Warumi wa kale. Walikuwa na ukanda wa kufungia nira kwenye mti wa plau, na neno likatokana na jina la ukanda huo. Ukishaufunga, kazi imeanza, hata kama udongo haujapasuka. Imeanza, haijakamilika. Mwambie hivyo, umuulize kama ana la kusema."

Nikamwambia. Masanja aliinua kichwa kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze.

"Hilo nimelielewa," akasema kwa Kisukuma. "Mwambie ukanda niliufunga. Mafuta nilimwaga. Kisha nikasikia ndama analia mle ndani, nikaufungua mwenyewe. Kiberiti sikuwasha, na hakuna aliyenizuia. Wamenikuta narudi nyumbani."

Maneno yake ya mwanzo yalikuwa kukiri kosa, na upande wa Mahakama hakuna aliyeyaelewa isipokuwa mimi. Ningesema tu, "Kiberiti sikuwasha," nani angejua? Mama yake alijua. Alinikazia macho akatikisa kichwa polepole, usiseme. Niliogopa, nawaambieni kweli. Nikatafsiri yote, na kalamu ya mwendesha mashtaka ikaanza kukimbia.

Kesi ilipoahirishwa nilimkuta yule mama barazani. "Shikamoo, mama," nikamwambia. Hakuitikia.

"Wewe ni mtoto wa nyumbani," akasema, "na umenilia mwanangu."

"Mama, niliapa."

"Na mimi nilizaa."

Siku ya hukumu ikafika. Hakimu alisoma, nami nikatafsiri sentensi baada ya sentensi, bila kujua inayofuata itasema nini. "Mshtakiwa ana hatia ya kujaribu." Mama akaguna. "Lakini aliacha kwa hiari yake. Angekana yote, Mahakama isingemwamini hata habari ya ndama. Kwa kuwa alikiri alipofunga, tunamwamini anaposema alifungua." Akamwachia kwa sharti asitende kosa tena. Mama yake alipita mbele yangu akimshika mwanawe mkono, wala hakunisemesha. Sikumlaumu.

Sasa nimestaafu, nakaa Buswelu, na watu huniuliza kama kazi ile ilinipa chochote. Mvua zilizopita nilipita Usagara nikamwona Masanja shambani, nywele zimekuwa nyeupe. Chini ya nira moja palikuwa na dume wake na dume wa yule jirani, kama tufanyavyo Usukumani mtu akiwa na dume mmoja. Jirani mwenyewe alishika plau akinung'unika kuwa dume wa Masanja ni mvivu.

Pembeni, juu ya kigoda, alikaa bibi kizee akipepeta mtama. Nikasogea.

"Shikamoo, mama."

Alinitazama sana. Ungo ukatulia mapajani.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Kaa."