Dawa ya Jirani Yangu

Siku ya kwanza kazini niliharibu gunia zima la mnanaa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo yasiyosimuliwa mbele za watu, na kituo cha tiba asili cha misheni pale Iringa kilinifaa kwa sababu moja tu: kilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka kwetu Kihesa. Niliambiwa nianike majani, nikayatandaza juani kama mboga za kukausha. Sista Msimamizi, mkuu wangu wa kwanza, akachukua jani, akalifikicha, akanusa.

"Mwanangu," akasema, "hii sasa mpelekee mbuzi."

Ndipo nikajifunza kwamba majani ya harufu hukaushwa kivulini, juu ya kichanja kinachopitisha hewa, kwa maana harufu ikitoka na dawa imetoka. Mnanaa na mchaichai hatukuchemsha, tuliloweka: unamimina maji ya moto, unafunika kikombe, unasubiri. Magome na mizizi ndiyo ya kuchemsha. Na ukutani palikuwa na kanuni ya wino mwekundu: anayemeza vidonge vya hospitali asiviache kwa ajili ya majani yetu, muulize kwanza anameza nini, na hali ikiwa nzito, mpeleke kwa daktari.

Wengi waliotujia walikuwa na wasiwasi: moyo unakwenda mbio, tumbo linakaza, usingizi hauji. Ila kwetu Iringa mtu hakiri kwamba ana wasiwasi. Atakuja mzee wa heshima na koti lake, mtapeana salamu zetu za kamwene za kutosha, mtaulizana habari za mvua na mahindi, kisha atashusha sauti: kuna jirani yake ana tatizo. Nikiwa bado mgeni wa kazi, nilimwambia mmoja amlete huyo jirani. Akavaa kofia, akaondoka, hatukumwona tena. Sista alinisema siku hiyo mpaka nikatamani kuwa yule mbuzi.

Tangu hapo nikawa namtibu jirani. Jirani analala saa ngapi? Jirani anakunywa kahawa vikombe vingapi? Kuna fundi ambaye jirani yake alikuwa akinywa tisa kwa siku. Tukampunguzia jirani hadi viwili, na fundi akaanza kunenepa. Majirani wengine tuliwaagiza wapalilie bustani, waende kanisani kwa miguu, wavute pumzi polepole huku wakihesabu.

Miaka kumi na miwili nilifanya kazi hiyo bila kulala nje ya Kihesa hata siku moja. Harusi za mbali nilikuwa natuma kitenge. Ndipo ikaja barua ya Mratibu wa Tiba Asili, mkuu wa vituo vyote vya misheni: nihamie Mbeya nikaanzishe bustani ya dawa. Nilipewa mwezi mmoja. Nisiporipoti, nihesabiwe nimeacha kazi, na mimi kazi nyingine sikuijua. Nikaanza kunywa mchaichai kwa sufuria. Hofu haikupungua, zilizoongezeka ni safari za chooni.

Siku ya nne nikagonga mlango wa Sista.

"Sista, kuna jirani yangu amepewa uhamisho."

Hakuinua macho kwenye daftari lake. "Anaogopa nini?"

"Anasema akilala kitanda kisicho chake atakufa."

"Alishawahi kujaribu akafa?"

"Hajawahi kujaribu, Sista."

"Basi majani hayamtoshi. Mwambie Ijumaa hii akalale Mafinga, kituo chetu kina kitanda. Wiki ijayo alale siku mbili. Inayofuata, nne. Moyo ukimwenda mbio asikimbilie stendi. Akae, auache uchoke wenyewe." Sasa akaniangalia. "Na aje aniambie yeye mwenyewe ilikuwaje."

Mafinga kulinuka mbao mbichi. Ijumaa ile nilikaa kitandani na viatu miguuni, mkoba mapajani, moyo unakwenda kama mashine ya kusaga. Kulipokucha nilikuwa hai, jambo lililonishangaza sana. Wiki ya pili nilivua viatu. Wiki ya tatu niligombana na mpishi kwa kunipunjia maharage, nikajua napona. Niliporudi nilimwambia Sista kwamba aliyekuwa akiogopa ni mimi. Akasema afadhali nimesema, maana daftarini hakujua amwandike nani.

Huku Mbeya, Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, alinipokea kwa kuniuliza kama nami nitakimbia, kwa sababu wawili walionitangulia walishindwa na baridi. Nikamwomba anipe wiki moja nijipime. Ile wiki iliendelea mpaka nikastaafu.

Vijana mnaoniuliza ni jani gani liliniponya, sina jina la kuwapa. Chai ya mchaichai bado nakunywa, ni tamu, na inanikalisha chini. Wasiwasi nao bado huja. Naukaribisha, nao ukichoka unaondoka.

Tangu nistaafu, wadogo zangu wa Kihesa wanakuja na gari kunihamisha nirudi nyumbani. Mara ya kwanza niliwaambia wasubiri nivune maharage. Mara ya pili yalikuwa mahindi. Juzi wamepiga simu kwamba wanakuja kwa mara ya mwisho. Nikawahi shambani, nikapanda viazi.