Kaburi Nililolifukua

Siku moja naikumbuka kuliko hata siku niliyooa, na bibi yako akisikia hivyo atanuna, lakini ndiyo kweli. Ilikuwa Jumapili, jua la saa nne, nami nimesimama nyuma ya nyumba hii hii yetu ya Ilemela, jembe mkononi, nafukua kitu nilichoamini ni dawa ya kutumaliza. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwanangu, umri wa mtu kujiona hakuna kinachompita.

Nakuambia haya leo kwa sababu juzi nilikusikia ukiongea kwenye simu pale kibarazani. Ulidhani nimesinzia. Wazee tunafumba macho, masikio hatufumbi. Ulikuwa unamwambia mwenzako kwamba wajukuu wa Opio wanatoka Uganda wiki hii kuja kuona kaburi lile dogo lililo kati ya mawe, na kwamba wewe si wa kudanganywa kitoto. Watu hawavuki mpaka kwa ajili ya kaburi, ulisema, wanatafuta kiwanja, maana huku sasa ardhi ni dhahabu, na kaburi ni ushahidi mbele ya baraza lolote. Ukamalizia kwamba utalisawazisha kabla hawajafika. Sikukukemea palepale. Maneno yale niliwahi kuyasema mimi, kwa sauti kubwa kuliko yako.

Basi kaa chini. Chai itapoa, tutaipasha.

Nilikuwa na pacha wangu, Doto, ambaye hukumkuta. Vita vya Kagera vilipoanza tuliitwa kwenye mgambo, tukaenda wote wawili, na mama yetu akatusindikiza hadi barabarani bila kulia, kwa sababu alisema kilio humtangulia mtu njiani. Kule mbele tuliwakuta Waganda walioikimbia nchi yao miaka ya nyuma, sasa wamerudi kupigana pamoja nasi. Mmoja wao alikuwa Opio, mtu wa pande za Tororo, mrefu, mkimya, fundi wa mbao kabla hajawa askari. Yeye pia alikuwa pacha. Mdogo wake aliitwa Odongo, na huyo ndiye aliyekuwa mchekeshaji. Odongo na Doto walizoeana siku ya kwanza tu, wakawa wanakula sahani moja, wanagombania nyama kama watoto.

Kuna asubuhi kikosi chetu kilikuwa kinapita barabara iliyokatiza kinamasi. Mimi sikuwepo, nilikuwa nimetumwa nyuma na gari la maji. Nilichoambiwa baadaye ni kwamba Doto alipigwa risasi ya tumbo, na Opio akambeba mgongoni hadi kwenye gari la wagonjwa. Doto aliletwa mpaka hospitali hapa Mwanza. Aliishi siku tatu, mama akimwosha uso, kisha akafa. Akazikwa hapo nyuma, kati ya yale mawe mawili makubwa. Kuhusu Odongo sikuuliza. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na wala sikujua kwamba ni kosa.

Vita vikaisha, nikarudi. Kama mwaka mmoja hivi baadaye, nani namwona anapanda njia ya mawe, begi begani? Opio. Kwao nyumba ilikuwa imechomwa na watu wake wametawanyika. Mama akampa kile chumba cha pembeni, naye akaanza kutengeneza mitumbwi ya wavuvi huku ufukweni. Alikuwa fundi hasa, siwezi kumnyima hilo.

Lakini mimi, mwanangu, nilianza kumtazama kwa jicho la pembeni. Wakati huo maisha yalikuwa magumu. Sabuni hakuna, tunafulia majani ya mpapai. Sukari tunaisikia kwa majirani, na majirani wanaisikia kwetu. Kila nikipanga foleni nasema moyoni: haya yote ni kwa ajili yao. Tumewapa nchi yao, nimewapa na ndugu yangu, na huyu hapa anakula ugali wa mama yangu, hajawahi hata siku moja kutamka asante kwa ajili ya Doto. Shukrani ya punda ni mateke, nikawa nawaambia watu.

Siku moja nilimwambia na yeye mwenyewe, mbele ya wavuvi. Akaweka randa chini.

"Nyinyi mlikuja siku nyumba yenu iliungua," alisema kwa Kiswahili chake kile cha jeshini. "Sisi tulikuwa tunaungua miaka mingi. Nani alikuja?"

Aliokota randa, akaendelea na kazi. Wavuvi wakachekacheka ili kupoza mambo. Mimi sikucheka, kwa sababu neno lake lilikuwa na kweli ndani yake, na kweli ya mtu usiyempenda inauma mara mbili.

Tangu hapo kila alichofanya nilikitia shaka. Alfajiri anakwenda kwenye kaburi la Doto peke yake, anaongea kwa lugha ya kwao. Mbona haongei kwa Kiswahili? Anamwuliza mama habari za mpaka wa eneo letu, ardhi yetu inaanzia jiwe lipi. Za nini? Nikiingia jikoni ananyamaza, na mama naye ananyamaza. Nyavu zetu zilikuwa zinarudi na dagaa wa kuhesabika, ng'ombe mmoja akafa bila kuumwa. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema, na nguo yenyewe nikaona ni ya kijeshi. Ukishamshuku mtu, hata akikohoa utasikia anakusema.

Basi ile Jumapili mama akaenda kanisani. Mimi nilichelewa kuamka. Natoka nyuma kuchota maji, naona udongo mbichi ubavuni mwa kaburi la Doto, na Opio amechutama anaosha mikono.

"Umechimba nini hapo?"

"Ngoja mama arudi," alisema.

"Nakuuliza wewe. Umezika nini kwetu?"

"Ngoja mama, Kulwa. Nakuomba."

Sikungoja. Nilimkimbilia balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mmoja mwoga aliyependa amani, nikampigia kelele hadi majirani wakatoka. Mganda amezika dawa kwetu! Unajua neno hilo lilivyokuwa wakati ule? Mtu akitajwa kwa dawa alihama, na asipohama alihamishwa, wengine kwa mapanga. Nilijua. Sitakuficha, nilijua vizuri nilichokuwa natamka, na nilikitamka mara tatu.

Nikachukua jembe. Opio hakunizuia. Alifanya jambo moja tu, alivua kofia. Nililiona hilo, nikadhani ni hofu.

Shimo halikuwa refu. Jembe likagonga kitu, nikakivuta. Shati la kijeshi, limekunjwa vizuri na kufungwa kwa kamba ya katani. Nikakata kamba. Ndani mlikuwa na tunda la mwegea, lile refu na zito linaloning'inia kwenye miti ya mtoni. Watu wakarudi nyuma. Mmoja akaokota jiwe. Mimi nikaliinua tunda lile juu, mwanangu, nikalionyesha watu, nikijiona shujaa.

Ndipo nikamsikia mama. Alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na kitenge chake cha kanisani, vitabu vya nyimbo kifuani. Hakupiga kelele.

"Kulwa, unajua umeshika nini?"

"Dawa, mama. Ona mwenyewe."

"Umemshika Odongo," alisema.

Akatembea polepole mpaka pale, akaninyang'anya lile tunda, akalipakata. Akawaeleza watu. Kwao Opio, kama ilivyo kwa baadhi ya wazee wa Kijaluo wa huko Rorya, mtu akipotea na mwili usipatikane, tunda la mwegea huzikwa mahali pake, ili naye awe amelala kama wenzake. Lile shati lilikuwa la Odongo. Ruhusa ameitoa yeye mama, na jiwe la mpaka amelionyesha yeye, ili kaburi lisitoke nje ya eneo letu.

Aliyekuwa na jiwe mkononi aliliacha lianguke. Nikamgeukia Opio, nikitaka hata wakati ule anipe kisingizio.

"Mbona hukusema?"

"Siku ile kwenye kinamasi," alisema, "nilikuwa na watu mbili chini, na mgongo moja. Odongo alikuwa ananyamaza. Doto alikuwa analia mama. Nikabeba Doto. Nilisema nitarudi. Kurudi, nyasi yote inaungua." Akavaa kofia yake. "Walianguka pamoja. Mimi nilisema walale pamoja."

Mwanangu, hapo nilitamani yale mawe yanifunike. Siku tatu zile za Doto pale hospitali, siku ambazo mama alimwosha uso na kumwimbia, zililetwa na mgongo wa mtu aliyemwacha pacha wake mwenyewe chini. Na mimi nilikuwa nadai asante.

Mama aliokota jembe akanipa. Maneno aliyoniambia sijayapunguza hata moja mpaka leo: "Nilitaka kukuambia, lakini kila nikitaja jina lake ulikuwa unatema mate. Wewe umehesabu yaliyotoka kwetu tu, Kulwa. Mwenzako naye ametoa, ila yeye hakuwa na pa kulilia. Umefukua, sasa zika."

Nilichimba upya, kina cha mtu. Majirani waliokuja kuua wakabaki kuzika, na balozi akaongoza sala. Nikuambie na aibu yangu nyingine, maana nasaha ya uongo haina faida: hata nilipokuwa nalifunga lile shati upya, vidole vyangu vilipapasa mifuko. Ilikuwa mitupu. Shaka ni kama kunguni, godoro limeshachomwa na yeye bado yumo kwenye kitanda.

Opio aliondoka wiki mbili baadaye. Nilimsindikiza hadi gatini, nimebeba begi lake. Meli ilipokaribia kuondoka ndipo nikasema, "Nisamehe. Na asante kwa kumbeba Doto."

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Hiyo asante nilingoja mwaka mzima," alisema. "Nilikuwa nakuchukia, Kulwa. Kila siku nikikuona nasema, huyu nilimbebea ndugu, hata maji hajanipa kwa mkono wake."

Yaani tulikaa nyumba moja, tunakula chungu kimoja, kila mmoja anamngoja mwenzake ashukuru kwanza. Tungeendelea kungoja mpaka leo.

Alirudi mara mbili tu maishani mwake. Mara ya mwisho alikuwa na mkongojo, akakaa kati ya yale makaburi mawili tangu asubuhi mpaka jioni, nami nikamletea maji kwa mkono wangu. Alifariki mwaka jana. Wajukuu wake hawaji kutafuta kiwanja. Aliwaachia neno waje wapasafishe pale kwa mzee wao Odongo, na barua waliyoniandikia ninayo kwenye Biblia. Ungeniuliza ningekusomea.

Sasa sikiliza, nasaha yenyewe ni fupi. Mliopata shida pamoja, msikae mkipimana nani aliumia zaidi, kwa sababu jeraha lako utaliona daima kubwa, la mwenzako liko chini ya shati. Asante ukiwa nayo itoe leo, usimngojee mwenzako aanze. Na mtu akikutia shaka, muulize, kisha umngoje ajibu. Mimi niliombwa ningoje misa iishe, nikashindwa. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Nami nimeishi kumwona mjukuu wangu akilitafuta jembe lilelile.

Liko nyuma ya mlango wa stoo. Lichukue. Usiende kusawazisha, nenda ukapalilie, la Doto na la Odongo, yote mawili sawasawa, maana wageni wanafika kesho mchana. Mkubwa wao utampa shikamoo, mizigo yao utaipokea wewe, na maji ya kunywa utawapa wewe kwa mkono wako mwenyewe.

Mungu wa mama yangu akulinde, mwanangu. Akupe rafiki atakayekubeba siku utakapoanguka, na siku ya wewe kubeba akupe mgongo wenye nguvu. Na ukishabebwa, akufungue mdomo mapema, usije ukakaa kimya mwaka mzima kama babu yako.